Tumbo na Nafsi: Ya Kuacha Kabla ya Kununua

Maswali yanayotufikia kutoka Makiso, Mangobo na Kabondo, hapa Kisangani, na kutoka ng'ambo ya mto huko Lubunga, ijapokuwa waulizaji hawajuani, aghalabu huwa ni swali moja: mtu amesikia, ama redioni ama kwa jirani aliyerudi kutoka Kinshasa, kwamba bakteria wakaao matumboni mwetu wana mkono katika furaha na huzuni za binadamu, naye, kwa kuwa usingizi umemruka na moyo wake umekuwa mzito kwa miezi kadhaa, ataka aambiwe anunue dawa gani ili tumbo lisafike na majonzi yatoke pamoja na taka.

Jawabu letu, kabla ya kulifafanua, ni hili: habari aliyoisikia ina ukweli ndani yake, lakini hukumu aliyoitoa kwayo imepinduka, kwa maana utumbo si sufuria ya kusuguliwa hadi ing'ae, bali ni maskani ya viumbe wengi wanaotutumikia, na mwenye kutaka wamfae atapata manufaa makubwa zaidi kwa kuacha mambo manne kuliko kwa kununua kitu chochote kinachouzwa kwa jina lao.

Yaliyo thabiti, kwa ufupi

Hatutakuchosha kwa nadharia. Yatosha ujue haya:

- Utumbo una mtandao wake wa mishipa ya fahamu, na mshipa mmoja mrefu, uitwao vagasi, hupeleka habari baina ya ubongo na tumbo, kwenda na kurudi.
- Bakteria hula nyuzinyuzi za chakula ambazo sisi hatuwezi kuzimeng'enya, na katika kuzila hutoa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo na kutuliza uvimbe mwilini.
- Mwaka 2004, huko Japani, panya waliolelewa bila bakteria wowote walionekana kutaharuki kupita kiasi walipobanwa, kuliko wenzao wa kawaida.
- Mwaka 2019, Ubelgiji, watafiti waliowachunguza watu zaidi ya 1,000 walikuta kwamba aina fulani za bakteria zimepungua kwa wenye sonona. Ila kuona vitu viwili pamoja si kujua kipi kilikizaa kingine.
- Mwaka 2017, Australia, watu 67 wenye sonona waligawanywa mafungu mawili kwa wiki 12: waliosaidiwa kubadili chakula, karibu theluthi moja yao walitoka katika maradhi, na katika wale waliopewa maongezi tu ya kuwaliwaza ni asilimia 8. Wengi wao walikuwa wakiendelea na matibabu yao ya kawaida.

Uhusiano, basi, upo; lakini hapajathibitishwa popote kwamba sonona yaponywa kwa tumbo peke yake, na atakayekuahidi hayo, mtazame mkononi ana bidhaa gani.

Kwanza kabisa: huenda si tumbo, wala si huzuni

Katika jimbo letu la Tshopo yako maradhi yanayovaa sura ya huzuni au ya wazimu, na ni hasara kubwa kumlisha mtu mtindi mwezi mzima ilhali damu yake yahitaji kupimwa. Yafikirie haya kabla ya jingine:

- Malale, ambayo yamejulikana sana pande za Isangi: mgonjwa husinzia mchana na kukesha usiku, tabia zake hugeuka, na nduguze husema amerogwa. Hupimwa, na matibabu yake hayalipiwi.
- Minyoo ya safura, inayonyonya damu kidogo kidogo mpaka mtu awe mnyonge, asiye na hamu ya kazi wala ya maongezi, akadhaniwa mvivu.
- Malaria na tifoidi, ambazo homa yake ikizidi huichanganya akili.
- Kifafa, ambacho si kila mara huonekana kwa kuanguka chini.

Nenda kwa tabibu leo hii, wala usingoje kujaribu chakula, ukiona mojawapo ya haya kwako au kwa mtu wako:

1. Fikra za kujiua, au maneno ya kuaga yasiyo na safari.
2. Kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii.
3. Mama aliyejifungua karibuni ambaye halali hata mtoto akilala, au asiyetaka kumtazama mtoto.
4. Kinyesi chenye damu, au cheusi kama lami, au kukonda kusiko na sababu.
5. Huzuni iliyopita wiki 2 na kumzuia mtu kula, kulala au kufanya kazi.

Mlango wa kwanza ni kituo cha afya cha mtaani kwenu, nacho kitakuelekeza, ikibidi, kwenye Hospitali Kuu ya Makiso-Kisangani au kliniki za Chuo Kikuu cha Kisangani.

La kwanza kuacha: antibiotiki zisizo na cheti

Simama jioni karibu na duka lolote la dawa la mtaani uangalie. Mama aja na kusema tumbo lamnguruma na kichwa hakina raha. Muuzaji, bila kumwuliza kama ana homa wala ni siku ya ngapi, achukua makasi, akata plaketi katikati, amhesabia kapsuli sita za amoksilini, nyekundu na njano, ndani ya kipande cha karatasi ya daftari, kisha amwongezea vidonge vinne vya metronidazoli "vya kufagia". Mama ameridhika, muuzaji ameridhika, na bakteria waliokuwa wakimfaa mama huyo wamepigwa pamoja na wasiomfaa, ikiwa hao wasiomfaa walikuwapo kweli.

Fahamu ya kwamba baada ya dozi moja ya antibiotiki jamii ya bakteria wa utumboni huweza kuchukua wiki au miezi kurudi katika hali yake, na aina nyingine hukawia zaidi. Kwamba dozi za nusunusu huwafundisha vijidudu wabaya kuishinda dawa. Na kwamba siprofloksasini, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiweka mwaka 2017 katika kundi la dawa za kutumiwa kwa tahadhari, yenyewe huweza kumletea mtu kukosa usingizi, wasiwasi na hata kuchanganyikiwa, mambo yale yale aliyokuwa akiyakimbia.

Fanya hivi:

1. Usinunue antibiotiki kwa kunguruma kwa tumbo, kwa mafua, wala kwa uchovu.
2. Ukiandikiwa, uliza maswali matatu: ni ugonjwa gani, ni kwa siku ngapi, na nifanye nini nikianza kuhara?
3. Tumia kama ulivyoagizwa. Usimgawie jirani, usiweke akiba kabatini.
4. Mtoto akihara maji matupu, mpe maji ya chumvi na sukari ya paketi pamoja na zinki, na umpeleke kituoni akilegea au macho yakizama.

Utasema: tabibu yuko mbali na foleni yake ni ndefu, bali duka la dawa liko mlangoni. Ni kweli, lakini hesabu mara ulizonunua nusu dozi mwaka huu na ugonjwa ukarudi, kisha uone kama foleni si rahisi zaidi. Wala tusieleweke vibaya: nimonia, tifoidi na magonjwa mengine huua, na anayekataa antibiotiki alizoandikiwa kwa haki, eti awalinde bakteria wake, amelinda mali akamwacha mwenye mali afe.

La pili kuacha: kupiga bomba

Desturi ya kutia maji ya pilipili au dawa za miti kwa njia ya nyuma, kwa kile kibofu cha mpira kilichomo katika nyumba nyingi, ili "kutoa uchafu" wa mtoto anayelia au wa mtu mzima mwenye mawazo, ni ya zamani, nasi twawaheshimu wazee waliotuachia mengi. Hata hivyo desturi hii ina madhara yanayojulikana:

- Pilipili na dawa kali huunguza ngozi laini ya ndani, na huweza kuitoa damu.
- Maji mengi yakitoka kwa nguvu huondoka na chumvi za mwili, na mtoto mchanga huweza kufa kwa hilo.
- Kibofu kimoja kinachotumiwa na nyumba nzima huhamisha maradhi kutoka kwa huyu hadi kwa yule.
- Nafsi haipati chochote, ila ule wepesi wa saa moja unaodhaniwa ni kupona.

Ukiwa na choo kigumu, ongeza maji, mapapai na majani ya maboga kwa siku kadhaa. Kikizidi wiki moja pamoja na maumivu, mwone tabibu.

La tatu kuacha: lotoko kama dawa ya usingizi

Wako wasiokunywa kwa anasa, bali kwa sababu usiku umekuwa mrefu, na kikombe cha lotoko huwafumba macho upesi. Lakini usingizi huo hukatika alfajiri, wasiwasi wa asubuhi huwa mkubwa kuliko ule wa jana, na ukuta wa utumbo, ukiungua kila siku kwa pombe kali hiyo, hupitisha yasiyostahili kupita.

Tahadhari: mtu aliyezoea kunywa kila siku kwa muda mrefu asiache ghafla peke yake nyumbani, maana huweza kutetemeka, kuona yasiyokuwapo, hata kupatwa na degedege, naye yafaa apunguze akiwa chini ya uangalizi wa tabibu.

La nne kuacha: haraka ya muhogo

Hapa ndipo Kongo yetu yenyewe imeufundisha ulimwengu. Maradhi ya konzo, yaliyoelezwa na tabibu Trolli mwaka 1938 huko Kwango, hupoozesha miguu ya watoto na wanawake kwa ghafla wala hayaponi, na chanzo chake ni kula kwa muda mrefu muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, hasa wakati wa njaa ambapo hakuna samaki wala maharagwe pembeni yake. Uchunguzi uliofanywa Kahemba, na ambao tabibu wetu wa mishipa ya fahamu Désiré Tshala-Katumbay amekuwa mmoja wa viongozi wake, ulionyesha kwamba hata watoto wasiopooza, katika nyumba zenye konzo, akili zao huwa nyuma katika mitihani ya kumbukumbu na fahamu. Na mwaka 2021 ikaonekana kwamba bakteria wa utumboni nao wamo katika jambo hili, kwani baadhi yao wana uwezo wa kuifungua sumu iliyofungika ndani ya muhogo.

Kwa hiyo, mama unayeuza unga na baba unayeununua:

1. Loweka muhogo mchungu siku 3 kamili au zaidi, hata kama wanunuzi wangoja.
2. Sombe itwangwe vizuri, kisha ichemke kwa muda mrefu chungu kikiwa wazi.
3. Ukiushuku unga, utie katika beseni, tia alama kwenye ukingo unga ulipofika, mimina maji ukikoroga. Unga utashuka kwanza, nawe endelea mpaka ufikie tena ile alama. Utandaze juu ya mkeka kwa unene usiozidi sentimita 1, uuache saa 2 juani au saa 5 kivulini, kisha upike ugali siku hiyo hiyo.
4. Usiule muhogo peke yake siku nyingi mfululizo. Samaki, maharagwe au karanga huupa mwili nguvu ya kuiondoa sumu.

Sasa ya kuongeza: sahani yenye majani na maharagwe

Wahadzabe wa Tanzania, wakaao karibu na Ziwa Eyasi, ambao hula mizizi, matunda ya pori, asali na nyama, walichunguzwa na matokeo yakatangazwa mwaka 2014, ikaonekana kwamba matumbo yao yana aina nyingi za bakteria kuliko ya watu wa mijini Italia; na mwaka 2025, watafiti wa Kilimanjaro walitangaza habari za vijana 77, ambao miongoni mwao waliotolewa katika vyakula vya asili na kupewa vya kukaangwa na vya viwandani kwa wiki 2 tu, dalili za uvimbe katika damu zao ziliongezeka, na waliofanyiwa kinyume chake zikapungua. Hayo hayakupimwa kwa furaha wala kwa huzuni, lakini yatuonyesha kwamba chakula cha bibi zetu si cha kuonea haya.

Shirika la Afya Duniani lapendekeza gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na nyuzinyuzi zisizopungua gramu 25. Soko la Kisangani latosha kwa hayo bila kitu kutoka Ulaya:

- Majani, kwa zamu, yasiwe yale yale kila siku: sombe, matembele, lengalenga, ngai-ngai, fumbwa.
- Maharagwe, angalau siku nne kwa wiki, hata yakiwa vijiko vichache juu ya wali.
- Ndizi za kupika: lituma, au ndizi mbichi ya kuchemsha iliyoachwa ipoe, ambayo sehemu ya wanga wake huwafikia bakteria bila kumeng'enywa.
- Mbegu na njugu: mbika, karanga.
- Samaki wa mto, mbichi au wa kukaushwa, kuliko nyama za kopo.
- Matunda ya msimu: papai, chungwa, parachichi, safu.

Tumbo lisilozoea litajaa gesi, na hapo wengi hukata tamaa siku ya tatu. Dawa yake ni taratibu: loweka maharagwe usiku kucha, mwaga maji yake, anza kwa vijiko viwili, ongeza kila baada ya siku tatu, na unywe maji.

Mtindi wa nyumbani

Wengi huuliza kama kwanga, kwa kuwa muhogo wake umechacha, yatosha kuleta bakteria hai. Haitoshi, kwa sababu kwanga huchemshwa baada ya kuchacha, na bakteria hufa motoni. Chakula ni kizuri, ila si kwa sababu hiyo. Anayetaka chakula chenye bakteria hai na afanye mtindi:

1. Chemsha lita 1 ya maji, korogea maziwa ya unga mpaka yawe mazito kuliko ya chai.
2. Yaache yapoe mpaka kidole safi kiweze kukaa ndani huku ukihesabu kumi bila kuungua.
3. Tia vijiko viwili vya mtindi uliokwisha kuwa mzuri, usiochemshwa, koroga polepole.
4. Funika, zungushia blanketi, uache saa 8 bila kuutikisa.
5. Kula siku hiyo ikiwa umeme haupo. Ukiwa na madoa ya rangi au harufu ya uozo, mwaga.

Kikombe kimoja kwa siku chatosha. Mwenye kuharishwa na maziwa ajaribu nusu kikombe kwanza.

Maji, ambayo hayana mbadala

Mwaka 2011 kipindupindu kilichoanza hapa Kisangani kiliufuata mto mpaka Kinshasa. Nasi twakumbusha kwa hilo kwamba utumbo wa mtoto unaoshambuliwa na kuhara kila mwezi haunufaiki na mboga wala mtindi. Chemsha maji ya kisima mpaka yatokote, au tia klorini. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula na baada ya choo. Na watoto wapewe dawa ya minyoo kila kampeni inapopita.

Makosa ya kawaida

- Kuacha dawa za kichwa kwa sababu mtindi umeanza. Aliyeandikiwa dawa za sonona au za kifafa asiziache bila tabibu wake. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla nafuu haijaonekana.
- Kununua kapsuli za bakteria zilizokaa juani. Bakteria hai huharibiwa na joto, na nyingi ya kapsuli hizo hazina ushahidi kwa ajili ya huzuni.
- Kudanganywa kwa serotonini. Ni kweli kwamba sehemu yake kubwa, yapata asilimia 90, hutengenezwa utumboni. Lakini hiyo haivuki kuingia ubongoni, na kila dawa inayouzwa kwa hoja hiyo imejengwa juu ya mchanga.
- Kufunga kula siku nyingi ili "tumbo lipumzike". Mwenye sonona amekwisha kupoteza hamu ya kula, asiongezewe.
- Kutarajia upesi. Jipime baada ya wiki 6 hadi 12.

Utasema: huzuni yangu ina sababu

Atatuandikia mtu wa Tshopo kwamba yeye alizika ndugu zake katika vita vya siku 6, Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigania mji wetu. Na mwingine kwamba mwanawe amefukuzwa shule kwa ada, na je, majani ya matembele yatamlipia? Hawa wamesema haki. Msiba hauletwi na bakteria wala hauondolewi nao, na atakayemwambia aliyefiwa "rekebisha chakula chako" amemkosea adabu. Tusemalo ni dogo: mwili uliolishwa na kulala hubeba mzigo ule ule kwa taabu iliyopungua kidogo, na kupungua kidogo huko humwezesha mtu kwenda kutafuta msaada. Kusini mwa Uganda, wanavijiji wenye sonona waliokutana kwa makundi kila wiki, wakiongozwa na wenzao waliofundishwa, walipata nafuu kubwa, na habari zake zilitangazwa mwaka 2003. Kwa hiyo jamaa wa kanisani, wa msikitini au wa likelemba (chama cha kuchangiana fedha), wakikaa na aliyeelemewa na kumsikiliza bila kumhukumu, wafanya kazi ya matibabu.

Ukiwa na faranga chache

Zitumie kwa mpangilio huu, wala usiuruke mstari:

1. Kupimwa: malaria, damu, minyoo, na malale ikiwa umetoka maeneo yake.
2. Sabuni na maji salama.
3. Maharagwe na majani, kabla ya sukari na vinywaji vya chupa.
4. Maziwa ya unga ya mtindi, zikibaki.
5. Kapsuli, unga wa kusafisha tumbo na chupa za muujiza: hapana, hata zikibaki.